Gita la Mlango wa Kabati

Swahiba, amelivunja. Gita langu! Amelivunja jukwaani, mbele ya macho yangu.

Ndiyo, Radi yule yule, mwanamuziki wa roki uliyeniambia ana mdomo mchafu. Nami kwa kiburi changu nikakujibu kwamba matusi ni ya jukwaani, kipaji ni kitu kingine.

Unalikumbuka gita lenyewe, nililolichonga kwa mlango wa kabati la marehemu mke wangu. Miezi saba ya kazi. Nikampa zawadi, kwa mikono miwili.

Mchana huu alilipiga vizuri mno. Sijapata kusikia gita likilia vile. Nikasimama nikapiga makofi. Bado napiga makofi, akalishika shingoni akalibamiza sakafuni. Mara tatu! Akacheka kwenye maikrofoni: "Kuni za babu hizi!"

Kuni za babu. Na watu wakashangilia.

Marehemu alikuwa akiniambia, "Baba watoto, wewe unasikia vidole vyake, mimi nasikia mdomo wake." Nikamwona hajui muziki.

Nimeokota vipande, vimejaa mfuko mmoja. Kimoja bado kina tundu la ufunguo wa kabati. Nililiacha makusudi, swahiba, marehemu alikuwa akilishika kila asubuhi.

Sasa hivi binti yangu amenikuta karakanani nikivipanga mezani. Akasimama mlangoni, akaniangalia.

"Baba, hata leo?"

"Hata leo nini?"

"Unauimba wimbo wa Radi."

Ni kweli, swahiba. Nilikuwa nauimba.