Kwa Dada Nelva, Kutoka Kwetu Tuliopita Getini

Mwaka umezunguka, Dada Nelva, tangu asubuhi ile ya Agosti ulipotuachia mkono wako kwenye kitanda cha hospitali mjini Ibarra, saratani ikiwa imekumaliza nyama lakini haijakumaliza maneno. Anayeandika ni mimi Ligia, niliyekufuata kuzaliwa. Mama anachambua maharage huku akinitajia la kuandika, na Wilmer amesimama mlangoni kuhakikisha sipunguzi kitu. Tumekubaliana tuandike yote katika tangazo hili la kumbukumbu, watu wasome.

Tunakukumbuka kwa namna ulivyokuwa ukishuka kutoka kwenye basi barabarani, buti zako zimening'inia begani, midomo imepasuka kwa baridi ya kule, ukirudi katika bonde hili la joto ambamo hata mbuzi hutafuta kivuli. Ulikuwa ukianza kucheka kabla hujafika uani. Ukimkuta Mama jikoni unamkumbatia kwa nyuma, unaonja mchuzi kwa kidole, unapigwa kofi mkononi, kisha unakaa chini na kuuliza nani mgonjwa, nani kajifungua, nani hana mbegu msimu huu. Na kesho yake mwenye kukosa mbegu alikuwa anazo.

Tunakumbuka pia ulivyoanza. Ulikwenda Cayambe, kwenye mlima wa theluji, kupikia wapanda mlima, ukawa unalala kwenye hema la masufuria. Siku moja mama mmoja wa mji mkuu, Quito, akaumwa kichwa kwa ule urefu, akabaki amejilaza, na mwongozaji akasema kwa utani, "Haya, buti hizi hazina mtu." Ukazivaa. Ukafunga na vile vyuma vya meno vya kukanyagia barafu, ukaenda. Uliporudi nyumbani uliniambia, "Ligia, nimeuona mgongo wa mawingu." Nikakuuliza kama walikulipa siku hiyo.

Wilmer ndiye aliyekuwa hodari wa kukutania. "Dada, unafuata nini kule juu? Kama ni barafu, friji si hiyo?"

"Friji yako imejaa bia, mdogo wangu, nitapita wapi?"

Tulicheka. Lakini yapo mengine ambayo hukuyasikia. Kanisani, wanawake walipomuuliza Mama binti yake mkubwa anafanya kazi gani kule, alijibu kwamba unaoka biskuti. Kila ulipokuja na biskuti za Cayambe ndani ya karatasi, uongo wake ukapata ushahidi. Aliona aibu kwamba mwanawe anavaa suruali na kujifunga kamba moja na wanaume wageni. Watu wa bonde hili wanajua mpira. Mtoto akitoka kwenda kucheza timu ya mjini, tunapiga bomba, ile ngoma yetu ya bondeni, mpaka kuche. Aliyetoka kwenda kukanyaga theluji hatukuwa na ngoma yake.

Na huko nako hukupokewa vizuri. Ulitusimulia ulivyoingia duka la kukodisha vifaa, kijana akakuonyesha nje kwa kidole: "Mgahawa uko upande ule, mama." Ulitusimulia waliokuuliza watu weusi na baridi wapi na wapi. Ulisimulia kwa kuigiza sauti zao, sisi tukashika mbavu. Hatukuwahi kukuuliza ulijisikiaje.

Ndipo ulipowakusanya wenzako. Ulianza na Yadira Chalá, mwenye saluni kando ya barabara kuu. Kofia ngumu za mlimani zilikuwa hazikai juu ya nywele zenu, basi kabla ya kila safari yeye aliwasuka nyote misuko ya kulala, twende kilioni, mpaka kofia zikatulia. Akaja Sisa Farinango, Mkichwa, mtu wa kabila la asili la milima ile, anayekamua ng'ombe chini ya mlima. Waongozaji walimwambia avue sketi zake za kwao, avae suruali, wewe ukamwambia apande nazo. Akaja Nubia, asiyesikia, mliyeongea naye kwa kuvuta kamba: mara moja simama, mara mbili twende. Wengine walibeba chokoleti, ninyi mlibeba sufuria la wali na mbaazi, mkajiita Mbaazi. Watu wakawacheka. Jina likakaa.

Kila mwezi ulikwenda kwenye mkutano wa chama cha waongozaji kuwaombea nafasi. Ulitaka waruhusiwe kusomea uongozaji hata wasio na cheti cha sekondari, kwa sababu Sisa aliujua mlima ule tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mwenyekiti, Bwana Patricio Endara, alikupenda sana kwa maneno. "Nelva, wewe ni mtu wa pekee."

"Sitaki kuwa wa pekee, Bwana Endara. Upweke ndio ninaoukimbia."

"Tutaliangalia," alisema. Mwaka ukapita, akasema tena.

Ulipougua, sisi tulikuja tulipoweza. Yadira, Sisa na Nubia walikuja kwa zamu. Walikuogesha, wakakugeuza, wakakupaka mafuta miguuni. Mama aliwakuta mara nyingi, akala chakula chao, akalala kwenye bega la Yadira kwenye benchi la hospitali. Tunalitaja hili ili msomaji ajue kwamba Mama aliwafahamu vizuri.

Sasa tunafika pale panapotuuma.

Mwezi Machi chama kilituletea habari kwamba nyumba yake ya wapanda mlima, ile iliyo chini ya theluji, itaitwa kwa jina lako. Siku ya sherehe walileta gari mpaka mlangoni kwetu. Dada, majirani walitoka nje kutazama! Mama alivaa viatu vipya. Wilmer alipiga pasi shati mara mbili. Kwa mara ya kwanza tulitembea kifua mbele kwa ajili yako, na ilibidi ufe kwanza.

Tulipofika getini tuliwaona wenzako. Walikuwa wamekuja kwa lori la maziwa la mjomba wake Sisa, wamevaa kofia zao za mlimani, Yadira ana ngoma mkononi. Mlinzi amewazuia. "Leo ni wageni wa familia tu," alikuwa anasema.

"Na sisi ni nani?" Yadira akamuuliza. "Tumefungwa naye kamba moja miaka yote hiyo. Kama siyo familia hiyo, niambie ni nini."

Sisa akaliona gari letu, akaja mbio akitabasamu, akaweka kiganja kwenye kioo upande wa Mama. "Mama Tránsito! Mwambie huyu atufungulie."

Bwana Endara alikuwa ametoka kutupokea. Akainama dirishani, akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Hawa wametuandikia malalamiko magazetini. Leo kuna wageni kutoka Quito. Hatutaki siku ya Nelva iharibike. Wewe unawajua hawa?"

Mama akamtazama Sisa, ambaye kiganja chake kilikuwa bado kiko kwenye kioo. Akasema, "Ni watu wa kule kijijini tu."

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nilikuwa na mdomo. Nilitazama magoti yangu. Wilmer, aliyekaa mbele, akamwambia dereva, "Twende tu, bwana." Sisa akaondoa mkono wake taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha moto asichotaka wengine wajue kimemuunguza. Geti likafunguliwa, tukapita.

Ndani walikuwa wametundika picha yako kubwa. Tuliijua picha ile. Ni ile mliyopiga ninyi wanne kwenye ukingo wa barafu, lakini walikuwa wamewakata wenzako, umebaki peke yako na anga. Ila waliokata hawakuwa makini. Begani kwako ulibaki mkono wa mtu, glavu nyekundu, vidole vimekushika imara, mkono usio na mwenyewe.

Mama aliusogelea. "Huu mkono wa nani?" akauliza kwa sauti. Aliujua. Mgeni mmoja akacheka kwa adabu, akampa kiti.

Bwana Endara alihutubia, akasema wewe umethibitisha kwamba mlima haubagui mtu. Tukapiga makofi. Kisha nikaitwa mimi. Dada, nilikishukuru chama kwa kukulea. Nilisema hivyo hasa: kwa kukulea. Tukakaa kula supu ya viazi iliyojaa jibini, na kupitia dirishani niliona lori la maziwa bado liko pale nje, ukungu unalifunika na kulifunua.

Tulipotoka walikuwa wameondoka. Mlinzi akatusimamisha, akampa Mama sufuria lililofungwa kwa kitambaa, bado lina joto. "Wameacha hili. Wamesema Mama hatumii jibini, linamsumbua tumbo, na hapa chakula chote kina jibini. Wakaona atakaa na njaa."

Zilikuwa mbaazi, tulizijua kwa harufu. Mama alilipakata sufuria lile mapajani kutoka mlimani mpaka bondeni. Hakuna aliyelifungua. Tulipofika nyumbani majirani walikuja kuuliza sherehe ilikuwaje, Mama akaingia ndani akajifungia.

Wiki kadhaa baadaye alikwenda saluni kwa Yadira kulirudisha sufuria, limejaa matunda ya bondeni, ovo mbivu alizozichuma mwenyewe. Nilimfuata. Yadira alikuwa anamsuka mteja, hakusimama. Mama akasema, "Mwanangu, nimekuja. Siku ile getini nilikukana."

"Ulikana kutujua sisi sote," Yadira alisema, "na ukamkana na mwanao."

"Nisamehe."

Yadira aliendelea kusuka mpaka msuko ukafika mwisho. Kisha akalichukua sufuria. "Hili nimelipokea, Mama Tránsito. Hilo lingine siwezi kulipokea hapa, mbele ya kioo changu, tuko watu wanne. Mlilisema mbele ya mwenyekiti, kwenye geti la chama. Kalisahihisheni huko huko."

Nilimkasirikia njia nzima. Nilisema mzee amejishusha, alitaka nini tena? Mama ndiye aliyeninyamazisha. "Huyo binti amenionea huruma sana, Ligia. Angetaka angenifukuza mbele ya mteja."

Basi mwezi Juni tulipanda basi watatu, tukaenda kwenye mkutano wa chama. Mama alisimama bila kukaribishwa, amevua viatu vile vipya kwa sababu vilimbana, akasema: "Naitwa Tránsito Anangonó. Mimi ndiye mama wa huyo mliyempa nyumba. Nilidanganya getini. Wale wanawake nawajua. Walimwogesha mwanangu nilipokuwa nimelala. Nawaomba mlishushe jina lake mpaka siku wao watakapoingia kwa mlango ule na kusomeshwa kama alivyowaomba."

"Mama, jina limeshachongwa kwenye jiwe," alisema Bwana Endara.

"Jiwe si lenu? Ligeuzeni."

Kuna waliocheka. Wawili watatu walipiga makofi, kisha wakaacha walipoona wako peke yao. Wilmer akasimama, akasema kwamba yeye ndiye aliyemwambia dereva apite, na kwamba alikuwa akimcheka dada yake kwa sababu alimwonea wivu. Hilo nasi tulikuwa hatulijui. Mimi nikasema kwamba hotuba niliyoitoa Machi naifuta, kwamba chama hakikukulea, wewe ndiye uliyekuwa unakilea.

Bwana Endara akapanga karatasi zake. "Tutaliangalia," akasema. Ndipo nilipolisikia kwa masikio yangu neno ulilorudi nalo nyumbani kila mwezi, na nikajua jinsi linavyomwacha mtu amesimama.

Hatujashinda, Dada. Jina lako lingali juu ya mlango ule, na wenzako wangali nje yake. Yeyote asomaye hapa na kupita pale, ajue kwamba familia haijaridhia. Wao hawakungoja. Wanaendelea kupanda, sasa wako kumi na wawili, na Wilmer huwapeleka kwa gari lake mpaka barabara inapokwisha, kisha hulala ndani ya gari mpaka warudi. Hawamsemeshi sana. Anasema anastahili.

Kwenye misa yako ya mwaka walikuja wote. Walikaa benchi la upande wa pili. Padri alipomaliza, Mama alisimama mbele ya wanawake wale wale wa kanisani, akawaambia kwamba mwanawe hakuwahi kuoka biskuti hata moja. Akawaeleza ulichokuwa ukifanya. Alieleza vibaya, akachanganya majina ya vifaa, na Nubia, aliyekuwa akimtazama midomo, akamsahihisha kwa mikono. Kanisa lilicheka kidogo. Mama hakucheka. Alirudia vizuri.

Nje tuliwaomba ruhusa ya kuwataja katika tangazo hili, miongoni mwa wanaokukumbuka. Sisa alimtazama Yadira. Yadira alifikiri, akafunga vifungo vya koti lake.

"Tuandikeni," alisema. "Ila msituweke mwisho, chini ya neno marafiki."

Wanaokukumbuka ni dada zako Yadira Chalá, Sisa Farinango na Nubia Lara, pamoja na kundi zima la Mbaazi. Kisha ni sisi: mama yako Tránsito, mdogo wako Ligia, mdogo wako Wilmer, na watoto wetu, ambao tunawafundisha kusema kwa sauti wewe ulikuwa nani.

Pumzika, Dada Nelva. Hatutaacha kukukumbuka, hata pale kukukumbuka kunapotuumbua.