Mtoto Aliyelala Mkekani

Isiolo,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla mkono wangu haujaanza kukimbia. Habari za huko Rapsu? Mgongo wako unaendeleaje? Maji ya mfereji bado mnagawana kwa zamu, au wale wa juu wameanza tena kuyafunga? Na Lowoi anakusaidia kupalilia vitunguu au anakusaidia kuvila tu? Mwambie dada yake anamsalimu. Baba akipita kutoka Sericho na ngamia wa watu, mwambie viatu alivyoninunulia bado vinanitosha, ingawa vidole vimeanza kubisha hodi.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nasoma, naenda kanisani. Lakini moyo haujatulia, ndiyo sababu naandika badala ya kungoja simu. Simu ya mwalimu wa zamu husikilizwa na mwalimu wa zamu pia, na jambo hili ni letu. Gedi wa lori atakuletea barua hii akija kuchukua vitunguu. Nimeandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe, polepole, kama ulivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Nakuomba usimpe Lowoi akusomee. Atacheka mahali pasipochekwa.

Jambo lenyewe lilianza na vitabu. Mwezi uliopita Mwalimu Mungania, yule wa Kiswahili anayesimamia maktaba, alitutangazia kwamba wachapishaji wa chuo kikuu wangekuja shuleni kwetu kuzindua kitabu kipya, na wangetuachia nakala moja moja ya vitabu vyote walivyochapisha mwaka huu. Hatukuamini. Maktaba yetu unaijua, vitabu vyake vimeshikwa mpaka kona zimekuwa mviringo. Lakini maboksi yalikuja kweli, na Mwalimu alituchagua mimi na Fathia wa Sahra tuyafungue.

Mama, sikujua kwamba watu wameandika juu ya mambo mengi hivi. Kulikuwa na kitabu kizima juu ya udongo. Kingine juu ya sheria za ardhi ya malisho, kingine juu ya kikohozi cha ngamia, kingine juu ya nyota, na kimoja cha falsafa ambacho Fathia alikifungua katikati, akasoma mstari mmoja, akakifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu. Vyote vilinukia upya. Nilivipanga kwenye rafu nikafikiri kwamba siku moja mimi pia ningeweza kujua jambo moja sawasawa kiasi hicho, na mtu mahali fulani angefungua boksi akanikuta. Nilifurahi siku hiyo yote.

Kitabu kilichokuwa kinazinduliwa kilihusu sisi. Ni cha Daktari Kinanu, mwalimu wa chuo kikuu, mama wa Kimeru, mtaalamu wa maisha ya watu wa miji ya wafugaji. Alifanya utafiti hapa Isiolo zamani, akakaa nao, akaandika, akaandika upya, na ndiyo sasa umekuwa kitabu. Mwalimu anasema vitabu vya namna hii huiva polepole. Kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza, na kina mama wa sokoni walikuwa wamealikwa, Mwalimu alinipa ukurasa mmoja niutafsiri na niusome mbele ya wageni. Aliuchagua ule unaozungumzia chai, akasema utawafurahisha.

Niliuchukua nikakaa nao chini ya dirisha la bweni. Ulisimulia juu ya mama mmoja Mturkana anayeuza chai karibu na soko la mifugo, ambaye huwasha moto kabla mbuzi hawajafika, na anajua bei ya siku hiyo itakuwaje kwa kusikiliza jinsi madalali wanavyokoroga sukari. Jina lake halikutajwa. Lakini niliposoma kwamba kibanda chake kilikuwa na mlango uliotengenezwa kwa bati lenye picha ya simba, nilisimama, maana ndivyo kilivyokuwa kibanda chako cha hapa mjini kabla hatujahamia Rapsu. Halafu nikasoma juu ya mvulana wake mwenye kovu la maji moto shingoni. Ni nani mwingine kama si Lowoi? Nikacheka peke yangu. Mama yangu yuko kitabuni! Nilitaka kukimbia nimwambie kila mtu.

Kisha nikafika mistari ya mwisho. Nitakuandikia kama ilivyo:

“Ana watoto wawili, mvulana na msichana, wote wanasoma. Wakati wote tulipokuwa tukizungumza, mtoto wa jirani alikuwa amelala mkekani, amefunikwa mtandio wa manjano.”

Mama, mtandio huo naujua. Uko kwenye sanduku lako la bati, chini ya vyeti vya ubatizo, na umetukataza kuutumia kwa kitu chochote. Mvulana ni Lowoi. Msichana ni dada yetu Everlyne. Nilihesabu miaka nikaona mtoto wa mkekani hawezi kuwa mwingine ila mimi. Na mimi nimeandikwa mtoto wa jirani.

Sijui kukueleza siku zilizofuata. Nilikuwa nasimama nikikaa, nakaa nikisimama. Kwenye hesabu niliandika tarehe ya kuzaliwa kwangu badala ya jibu. Nilijitazama kwenye kioo cha bweni nikatafuta pua yako, nikaipata, nikaipoteza tena. Nilikumbuka mambo madogo ya kijinga. Kwa nini Everlyne ana picha ya utotoni na mimi sina? Kwa nini mtu akisema barabarani kwamba nimekua, wewe husema haraka kwamba mimi ni mgonjwa mgonjwa tu, na mimi sijaugua?

Mwishowe nilimwambia Fathia, kwa sababu jirani yetu wa wakati ule alikuwa mama yake. Akaniambia kama ndivyo basi mimi ni dada yake, na Jumamosi niende kwao nioshe vyombo, maana amechoka kuviosha peke yake. Aliona sicheki, akanishika mkono. Jumamosi hiyo tuliomba ruhusa ya mjini tukaenda pamoja dukani kwa mama yake, kule Bulapesa.

Mama Sahra alikuwa anapima sukari. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza habari zako na za vitunguu. Sikuweza kungoja. Nilimpa karatasi yenye tafsiri yangu, naye akampa Fathia aisome kwa sauti. Fathia alipofika kwenye mtandio, mama yake aliweka kipimo chini, akaketi juu ya gunia la mchele.

Alisema hakujua kwamba maneno yale yangeishi mpaka leo. Akanieleza kwamba kabla yangu ulizika wawili, mmoja baada ya mwingine, wote kabla hawajaota meno. Kila mmoja alikuwa ameshaandikwa mahali, kliniki, kanisani, kwa chifu, na watu walikuwa wakimhesabu na kumsifu. Mimi nilipokuja na mvua, ukasema huyu hatatajwa mpaka atembee. Hukunipeleka kupigwa picha. Mtu akiuliza watoto, ulimtajia wawili. Asubuhi ile mgeni alipokuja na kalamu, Sahra alikuwa amekuja kunywa chai, na mgeni alipouliza mtoto ni wa nani, wewe ulimtazama Sahra tu. Hamkuwa mmepanga. Yeye akavua mtandio wake akanifunika, akasema mtoto ni wake.

“Nilikuazima mgongo wangu, Nakiru,” aliniambia. “Kifo kikija kuuliza kwa mama yako, kipotee njia kije kwangu, na kwangu kisikute jina lako. Walaahi, ndivyo tulivyokuwa na akili siku hizo. Na tazama, uko hapa unanililia dukani.”

Mama, kumbe hata Bibi Apua alikuwa hivyo. Akiulizwa mbuzi wake ni wangapi alikuwa akisema wapo, wapo kidogo, na zizi limejaa mpaka mwana-mbuzi hana pa kulala. Nilidhani ni ubahili. Sikujua kwamba mtu huficha kile ambacho hataki kabisa kukipoteza.

Nilirudi shuleni nikijua mimi ni wako. Ungefikiri basi nitatulia. Nilitulia mpaka kengele ya jioni, kisha moyo ukaanza tena kutembea, safari hii kwa njia nyingine. Nilikuwa nikiingia maktabani, nakitoa kile kitabu, nausoma ule ukurasa, nakirudisha. Kiko kati ya udongo na sheria. Kitakaa hapo mimi nikiwa nimemaliza shule, na vyuoni kote kitakaa, na watu wenye miwani watasoma kwamba una watoto wawili. Najua ulinificha kwa kunipenda. Lakini nimeshaota meno, Mama. Nimeota hata la akili, linaniuma upande wa kushoto.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Kina mama wa sokoni walikaa mbele na mitandio yao mizuri, na wazee wa mtaa, na wageni wa chuo kikuu. Daktari Kinanu alikaa kwenye kiti cha pembeni, mwembamba, mwenye mvi, kitabu chake kikiwa wazi magotini ili afuatilie ninavyotafsiri. Nilisoma vizuri. Kwenye sukari na madalali kina mama walicheka mpaka mmoja akapiga paja la mwenzake. Nilipofika mistari ya mwisho, karatasi yangu ilikuwa na maneno sahihi, yale aliyoyapitisha Mwalimu. Mimi nikayaacha. Nikasoma hivi, kwa sauti, mbele ya watu wote:

“Ana watoto watatu. Wakati wote tulipokuwa tukizungumza, kitinda mimba wake alikuwa amelala mkekani, amefunikwa mtandio wa jirani.”

Mama, nimejihesabu. Nimejihesabu hadharani bila kukuuliza, mimi ambaye wewe ulinifunika. Watu walipiga makofi, hakuna aliyejua. Ila Daktari Kinanu alikuwa ameacha kidole chake juu ya ukurasa, na alikuwa ananitazama.

Wakati wa chai alinijia kule nilikojificha nyuma ya masufuria. Sikungoja aulize, nilimwambia yote, nikamwomba radhi kwa kuharibu kitabu chake. Alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

“Nilimshika yule mtoto,” alisema. “Aliamka nikiwa naaga, nikambeba, akanikojolea. Yule aliyesema ni wake hakusogea. Aliyeruka na kumchukua alikuwa muuza chai. Niliona kwa macho yangu, binti yangu. Lakini niliandika nilichoambiwa.”

Kisha akacheka, cheko la mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Akaniuliza ni watoto wangapi wengine wa majirani wamelala kwenye kitabu chake, maana alizunguka nyumba nyingi akiuliza watoto na mbuzi, na sura nzima ameijenga juu ya majibu hayo. Nilimjibu kwamba sijui, lakini kama ni mbuzi, aongeze. Aliniambia kitabu kitachapishwa tena, na kabla ya hapo anataka kurekebisha ukurasa huo, na kuongeza maelezo ya kwa nini watu wa hapa hawahesabu walicho nacho mbele ya mgeni. Lakini hatagusa neno mpaka wewe ukubali. Alisema mimi nina haki ya kutaka kuandikwa, ila hofu ile ilikuwa yako, na mtu hasimulii hofu ya mwenzake bila ruhusa. Na akasema pia, akiwa tayari anaondoka, kwamba nikimaliza shule nimwandikie, kwa sababu msomaji anayegundua kosa kwenye kitabu kipya ana kazi inayomngoja chuoni. Hilo nalishika taratibu, kama kikombe cha moto. Sijamwambia hata Fathia.

Kesho yake niliamka kichwa kinaniuma, nikaogopa sana. Nilijiambia ndiyo hiyo, nimetajwa, nimepatikana. Kilipona baada ya uji. Lakini kila nikipiga chafya namkumbuka yule mtoto wa mkekani, nawakumbuka na wale wawili ambao sijui majina yao. Siku moja, ukiweza, uniambie waliitwa nani.

Mama, sitaki uniandikie jibu refu, najua mikono yako ina majembe na kalamu inakuchosha. Nina ombi moja. Ukikubali nihesabiwe, mpe Gedi ule mtandio wa manjano aniletee. Atakaposhuka kwenye lori lake hapa langoni, nikauona mkononi mwake, nitajua hunifichi tena, nami nitamwandikia Daktari Kinanu siku hiyo hiyo. Usipoutuma, nitajua bado unanifunika. Sitanuna, na ukurasa utabaki ulivyo. Nitapita karibu na rafu ile kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, bila kumwamsha.

Mama Sahra anakusalimu, anasema mtandio ni wake na hajaudai bado. Fathia anakusalimu kama dada yangu. Wasalimie majirani wote wa mferejini, na Lowoi, na Baba. Mungu akulindie mgongo na vitunguu. Nitakuwa langoni kila lori likipita.

Ni mimi, wa tatu wako,

Nakiru