Mume Wangu Ameanza Kujua Uyoga Unakoota

Mama Dafrosa, shikamoo. Nakuomba unisaidie maana usingizi umenipotea, mimi ni kiongozi wa akina mama tunaolinda msitu wa kijiji chetu huku Mpanda, na ulinzi wetu hauna bunduki, tunaokota uyoga na kuni kavu tu, na upande tunaookotea hakuna anayethubutu kukata mti, sasa mvua hizi mume wangu Cletus, ambaye tangu anioe hajawahi kuuliza uyoga unatoka wapi, ameanza kuniambia, "Mama, uyoga umejaa kule mtoni, wapeleke wenzio," nami nawapeleka, na kweli tunaupata, kumbe huku nyuma kilimani mininga inaangushwa na kupasuliwa mbao, halafu juzi kaniletea kitenge anasema kauza asali, wakati mizinga yetu haijarinwa. Wenzangu wanamshuku mume wa Minza kwa sababu ni Msukuma mgeni mwenye ng'ombe, na Ijumaa wanampeleka kwa mwenyekiti ili afukuzwe kijijini na familia yake, na Minza ni rafiki yangu, jana kaniuliza, "Dada, hivi nani alisema twende mtoni?" nikajibu nimesahau. Mume wangu nampenda na ninaogopa. Nifanyeje?

Marsela

Marahaba, Marsela. Pole sana, ila usinichezee. Hujasahau, na Minza anajua hujasahau. Swali lile hakuuliza kwa kupenda uyoga. Wewe unaogopa kugombana na mume, mwenzio anakaribia kukosa pa kulala, na kosa lake ni ugeni tu.

Usimwulize Cletus habari za mbao. Ataapa, nawe utamwamini kwa sababu unataka kumwamini, na hicho kitenge kimeshaanza kazi yake. Muulize tu, kwa sauti yako ya kila siku, kesho uyoga uko wapi. Akisema mtoni, mshukuru, mwekee chai, kisha kusanya wanawake wote, Minza akiwemo, mpande kilimani. Iwe kabla ya Ijumaa.

Mkikuta wezi wengine, nitafurahi kuliko wewe. Mkimkuta yeye, usijifiche nyuma ya wenzio, mpeleke kwa mwenyekiti vilevile mlivyotaka kumpeleka mume wa Minza. Na msipokuta mtu, Ijumaa simama mbele ya kikao, Minza akikutazama, useme ni nani aliyekuwa anawatuma mtoni.