Majani ya Baba Yaje Chamazi

Chamazi, Dar es Salaam

Mdogo wangu mpenzi Eliza,

Hujambo? Mguu unaendeleaje? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Mimi nipo, ila mwili wote unauma, hata kalamu naishika kwa shida. Nikueleze kwanza, ndipo unikasirikie.

Tangu mwanangu Yohana anilete huku kwake, nilikuwa nashinda kwenye kochi nikimngoja yeye na mkewe warudi kazini. Siku moja mjumbe akapita kutangaza kikao cha wazee, cha mabadiliko ya tabianchi. Mimi nikasikia tabia. Nikasema leo nimepata pa kusemea! Nikavaa kile kitenge ulichonipa, nikasimama mbele za watu, nikawasema mabinti na vigodoro vyao, zile ngoma za kukata viuno usiku kucha, mpaka jasho likanitoka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyenijibu ni jirani yetu Bi Mwanaidi, mzaliwa wa huku huku Temeke.

"Shoga, mie jiko langu limekwenda na mto, we watuletea vigodoro? Tabianchi ndo hizo mvua, siyo viuno!"

Niliona aibu, Eliza. Jioni nikaenda kuliangalia hilo jiko. Yamebaki mafiga mawili, la tatu limo mtoni. Nilipogeuka nikaona dirisha la chumba ninacholala. Mto ukila tena masika haya, nyumba inayofuata ni ya Yohana, na hata plasta hajapiga.

Vijana wanatoka alfajiri kwenda kwenye vibarua, kwa hiyo kazi ya kuzilinda kingo za mto imetuangukia sisi wazee. Tunajaza mchanga kwenye viroba, tunazibua mtaro uliojaa chupa za plastiki, tunapanda nyasi. Nyasi za kwanza zilisombwa na mvua moja tu. Nilikaa chini nikalia. Bi Mwanaidi, ambaye magoti yake yamekwisha kuliko yangu, akakaa pembeni.

"Kesho tena, shoga," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi. Kesho yake nikaenda.

Yohana ameshanikatia tiketi ya kuja huko. "Mama, we rudi Lushoto upumzike, hii ishu tuachie sie." Tuwaachie wao, na kila siku wanarudi gizani? Najua umeshapaka chokaa chumba changu, na mimi nimekililia chumba hicho tangu nifike. Lakini siji, mdogo wangu. Nisamehe.

Unakumbuka yale majani ya ng'ombe ambayo baba aliyapanda kwenye kingo za matuta, mvua ikaporomosha shamba la jirani, letu likabaki? Nikatie vipande vyenye macho ya kuchipua, uviloweshe, uvifunge kwenye kiroba.

Nisalimie shemeji, mumeo. Shangazi mpe shikamoo yangu, umwambie bado namwota. Mkweo naye usimsahau.

Siku ile uliyopanga kuja stendi kunipokea, nenda hivyo hivyo. Mkabidhi konda hayo majani, basi likigeuza kurudi huku ayaweke kwenye kiti changu.

Dada yako aliyechoka,
Agnesi