Msimamizi wa Kusimama

Jumanne, 4 Machi
Amri mpya. Kila jioni bendera ikishushwa pale ofisini, filimbi itapulizwa na kila mtu asimame pale pale alipo. Mwenyekiti wa mtaa amesema mpakani hali si shwari, kwa hiyo tuonyeshe umoja. Uhuru wa mtu mmoja mmoja utasubiri, eti, kwanza wa wote. Nilipiga makofi. Karibu peke yangu, lakini nilipiga.

Na kwa kuwa saluni yangu inatazamana na mlingoti, nimeteuliwa msimamizi! Kinyozi mzima! Kazi yangu: kuangalia nani hasimami. Nimepewa kitambaa chekundu cha mkononi. Mke wangu kanifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Eti nafanana na mtu aliyeumwa na mbwa. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Filimbi ya kwanza. Ilinikuta nimemnyoa mwalimu upande mmoja. Tukasimama, yeye na shuka shingoni, mimi na mashine inanguruma mkononi—kuizima ni kusogea, na kusogea ni kosa! Ila niseme ukweli, maana huku hanisomi mtu: barabara ilipotulia nikasikia kamba ikigonga mlingoti, na machozi yakanilengalenga. Watu hawa hawa wanaogombana kutwa kwa kelele za redio, wote kimya kwa kitu kimoja. Naipenda nchi hii. Naipenda kijinga, kama unavyompenda shangazi mkali.

Jumapili, 9 Machi
Nimekamata mtu. Fundi friji, rafiki yangu wa siku zote. Filimbi ililia akiwa na friji mgongoni, akaendelea kutembea. Nikamtaja kwa Mwenyekiti, kwa sauti nzito, ya kiserikali.

"Sasa ningeitua vipi peke yangu, kaka?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba sheria haina friji. Haina friji! Sijui nilikuwa nasema nini. Wakati ule ilionekana hekima.

Adhabu: kesho asimame chini ya mlingoti kutwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Kasimama. Jua kali. Mchana nikampelekea maji. Akapokea, akanywa, akasema, "Asante, bwana msimamizi." Hajawahi kuniita bwana.

Jumatano, 12 Machi
Balaa. Filimbi ikalia, mtaa mzima ukaganda, na katikati ya barabara mwanamke anakata mwendo, mkoba begani, nusu anakimbia. Mke wangu! Mkunga wetu. Hakunitupia hata jicho.

Mwenyekiti alimwona mgongo tu. "Yule mama nani?"

Nikasema jua lilinipiga machoni. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Nyumbani nikamwambia angesimama tu kidogo, bendera haichukui muda. Akasema mke wa muuza viatu alikuwa anajifungua na kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Huyo mtoto angesubiri bendera? Wa kike, mzima, anapiga kelele kama king'ora. Kisha akaniuliza, hao "wote" ninaowasimamia, yule mtoto hayumo?

Nikasema nitafikiria.

"Fikiria ukiwa umesimama, baba watoto. Si ndiyo kazi yako."

Ijumaa, 14 Machi
Mtaa mzima unajua isipokuwa Mwenyekiti. Hakuna anayesema. Wateja wanakaa kitini, wananitazama kupitia kioo. Umewahi kunyoa mtu anayekutazama hivyo? Nimemkata mmoja sikio. Kidogo tu.

Mke wangu kasema kesho kwenye mkutano wa mtaa nimtaje. Kama nilimtaja fundi, nimtaje na yeye. Eti haoni nchi mbili, moja ya fundi na nyingine ya mke wa kinyozi. Nikamwambia nalinda familia. Akaniuliza fundi hana familia?

Jumamosi, 15 Machi
Nimemtaja. Niliinuka, nikasema, "Ni mke wangu." Sauti ya kiserikali haikutoka. Ilitoka ya kuku.

Mwenyekiti akacheka! Mkunga ana kazi ya taifa, akasema, huyo amesamehewa. Nikaketi upesi, na furaha yangu yote, kiti kikalia.

Kisha fundi akasema taratibu, "Na mimi je?"

Hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi. Nami nikatazama viatu vyangu, ambavyo kwa kweli vinahitaji rangi.

Mwenyekiti akataka tuendelee na suala la mitaro. Hapo mke wangu akasimama. Msamaha wa peke yake hautaki, akasema. Jumatatu atasimama mlingotini kutwa, kama fundi alivyosimama.

Jumatatu, 17 Machi
Amesimama. Tangu asubuhi. Mwenyekiti kamsihi aende nyumbani, yeye anajibu kwamba anatii amri. Anaimba wimbo wa taifa, beti zote, na mke wangu hakujaaliwa sauti. Hakuna anayecheka.

Mchana fundi kaja na mwavuli, kasimama naye. Muuza viatu kafunga duka, yuko pale. Mwalimu yuko pale. Na yule mzazi, na mtoto wake kifuani! Hawapigi kelele, hawana mabango. Wamesimama tu—jambo ambalo ndilo tuliloamriwa.

Mimi? Sijapata mteja hata mmoja. Nafagia nywele zisizokuwepo. Naandika haya nimekaa kwenye kiti cha wateja, miguu imevimba, viatu nimevua.

Mpuliza filimbi ametoka ofisini, anaipangusa kwenye shati. Ikishalia, kila mtu abaki alipo. Nami nitabaki humu, na fagio langu, namsimamia mtu wa kwenye kioo. Anayetaka kuvuka barabara avuke sasa.

Mke wangu amenitazama. Mara ya kwanza leo. Hajaniita.

Kiatu kimoja nimevaa. Cha pili kiko wapi, jamani—kiko wapi—