Chuma cha Mguu wa Okelo

Homa Bay,
mwezi wa nane

Kwa mdogo wangu Karisa,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana ukisimama najua barua huimalizi. Mimi dada yako ni mzima, watoto ni wazima, na shemeji yako Owuor ni mzima ila meno. Mama anaendeleaje na magoti? Uliandika kwamba amepata nafuu kidogo. Nafuu kidogo kwako ni kwamba hajalalamika mbele yako. Nenda ukamuulize vizuri, kisha uniandikie alivyosema yeye, si ulivyoona wewe. Na Baba je, ameacha kukwea minazi, au bado anawaambia anakwenda kuiangalia tu?

Barua yako ilifika na mchanga ndani ya bahasha, nikajua umeiandikia ufukweni. Kumbe ni kweli, yule mgeni wako Mjerumani amekuachia mashine ya kutafutia vyuma, kama mzee wangu Mwitaliano alivyoniachia hii yangu wakati nilipokuwa nikimfulia nguo. Na sasa unaizungusha hapo Malindi tangu asubuhi, hujapata dhahabu wala fedha, umepata vizibo vya soda. Unaniuliza swichi ziwekwe wapi. Nitakueleza, lakini jibu ni refu, kwa sababu mwaka huu swichi hizo zimenifunza adabu mimi mwenyewe.

Anza na ya usikivu. Usiipandishe mpaka mwisho kwa tamaa. Mchanga wa kwetu ukilowa maji ya chumvi, mashine hupiga kelele peke yake, nawe utachimba mashimo matupu mpaka wageni wakuulize kama unatafuta maji ya kunywa. Iteremshe mpaka inyamaze, kisha tembea sambamba na maji, usiwe unaingia na kutoka. Swichi ya pili ni ya kuizoesha mashine ardhi. Inua ile sahani ya chini ya mashine, ishushe, inua, ishushe, huku ukizungusha taratibu, mpaka iguse mchanga na isiseme neno. Hapa ziwani hakuna chumvi, lakini kuna mchanga mweusi wenye chuma ndani yake. Unalala kwa mistari kando ya maji, na kila mstari unataka kuzoeshwa upya. Kule Masara, upande wa Migori, ambako watu huchimba dhahabu kwa mikono, waliwahi kuniita niwatafutie. Udongo wao ni mwekundu na umejaa chuma. Mashine ililia tangu niliposhuka garini mpaka nilipopanda kurudi, na wachimbaji wakafurahi sana kusikia kwamba dhahabu iko kila mahali. Walikuwa wameshanichinjia kuku walipogundua.

Swichi ya tatu ndiyo ya kuchuja. Hiyo huiambia mashine ni vitu gani ijifanye haivisikii. Ukiizungusha kidogo, misumari inanyamaza. Ukizidisha, vizibo na takataka nyingi zinanyamaza, na pete nyembamba za dhahabu zinanyamaza pamoja nazo, maana pete ya namna hiyo na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara hutoa mlio mmoja. Mzee wangu alitia alama ya rangi ya kucha mahali pa pete, na mimi nimekaa kwenye alama hiyo miaka yote. Ukifungua kabisa utasikia kila kitu kilichomo mchangani. Chuma utakijua kwa mkoromo wake mzito, wa kukatikakatika.

Sasa nikueleze habari za Okelo, ndipo utajua kwa nini nakuandikia kurasa zote hizi.

Okelo alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Owuor, kitinda mimba wa mama mkwe. Hukuwahi kumwona. Wakati wa harusi yetu alikuwa Awendo akipakia miwa. Huko huko trekta lilimvunja paja, na hospitalini wakamtia chuma kirefu ndani ya mfupa, kutoka nyonga mpaka karibu na goti. Akarudi nyumbani anachechemea, akaona kwamba ndani ya mashua mtu hahitaji kutembea, akawa mvuvi. Alikuwa mtu wa mizaha. Hapa mimi naitwa Nyar Malindi, yaani binti wa Malindi, kwa kuwa wake huitwa kwa walikotoka. Basi alikuwa akiniona na mashine ananiambia, "Nyar Malindi, hebu pitisha hiyo kitu kwa mguu yangu, tujue kama niko na bei." Nami nilikuwa nikimwambia aniondokee. Sikuwahi kuipitisha hata siku moja. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko yote nitakayokuandikia.

Mwaka huu gugu maji limetuvamia. Ni jani linaloelea, pana na zito, upepo ukiligeuza linaziba ghuba nzima hata maji huyaoni. Okelo na mwenzake walikuwa wanarudi, mashua ikakwama katikati yake. Okelo akashuka kuisukuma, akashika ukingo, kisha mwenzake akaona ukingo hauna mtu. Maiti ya majini huibuka, Karisa, lakini chini ya gugu haina pa kuibukia. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Mama mkwe hakuchoka. Kila asubuhi alikwenda ufukoni na fimbo ndefu, na kila kipande cha gugu kilichosukumwa nchi kavu alikidunga pole pole, hapa na hapa, kama mtu anayeangalia kama viazi vimeiva.

Wazee walingoja miezi kadhaa, mwishowe wakasema imetosha. Kwa Wajaluo, mtu asipopatikana huzikwa tunda la mti wanaouita yago, tunda refu na zito kama gogo dogo. Hulazwa kaburini badala yake, na likishazikwa, mtu amezikwa. Mzee Ogola, baba mdogo wa Owuor, ndiye aliyetaja siku, Jumamosi.

Mama mkwe hakuwahi kuipenda mashine yangu. Kwake ilikuwa aibu mke wa mtu kutembea ufukoni amejiziba masikio, watu wanamsalimu haitikii. Lakini juma lile alikuja jikoni kwangu akasimama mlangoni.

"Nyar Malindi, hiyo kitu yako inasikia chuma?"

"Inasikia, Mama."

"Okelo alikuwa na chuma."

"Ndiyo, Mama."

"Basi tafuta yeye kabla Jumamosi. Mimi siwezi kulilia matunda."

Nikafanya ambalo hata wewe ungelifanya. Nilijiambia chuma ni chuma. Nikafungua swichi ya kuchuja mpaka mwisho, nikavaa hedifoni, nikasikiliza ule mkoromo mzito tu. Nilichimbua misumari ya mashua, ndoana, jembe lisilo na mpini, mfuniko wa pasi ya makaa. Kila nilipopita mlio mwembamba, safi, niliuacha. Karatasi ya sigara, nikasema, leo sina nafasi. Mama alikuwa nyuma yangu na fimbo yake. Nikipiga magoti anasimama, nikiinua msumari anageukia maji. Tulikwenda hivyo siku zote zilizosalia.

Jumamosi yago likazikwa. Lilivikwa shati lake la kanisani, likafunikwa shuka, na watu wakalia kama inavyopasa. Mama mkwe aliketi mlangoni kwake, macho makavu. Alikuwa mpole na wote waliompa pole, akawauliza kama wamekula.

Baada ya matanga nikarudia kazi yangu. Huwa naokota risasi za kuzamishia nyavu na kuwarudishia wavuvi, na herini za wanawake wanaopokea samaki. Nikairudisha swichi kwenye alama ya rangi ya kucha, mahali pa pete. Nilikuwa karibu na mashua mbovu iliyopinduliwa, mahali ambapo nilikwisha pita na Mama nyuma yangu, niliposikia mlio mwembamba, safi. Nikasogeza sahani, mlio ukaendelea. Nikapiga hatua, bado ukaendelea. Hakuna pete ndefu namna hiyo. Nikachimba kwa mkono, nikagusa ncha ya chuma kilichong'aa, hakina kutu hata doa. Mfukoni huwa nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio. Nikaiweka juu yake, ikateleza ikaanguka.

Chuma cha hospitali, Karisa, si ndugu ya msumari. Hakishiki kutu, sumaku haikitaki, na kwenye mashine kinalia mlio wa pete. Siku zile zote nilikuwa nasikiliza mkoromo wa misumari, na Okelo alikuwa analia mlio mwingine kabisa chini ya miguu yangu na ya mama yake. Nilipouona mfupa niliacha kuchimba. Gugu lilikuwa limemsukuma nchi kavu, na mawimbi yakamfukia mchangani. Nikakaa mchangani nikalia. Nilimlilia yeye, na nilijililia mimi na haraka yangu.

Owuor alikuja, akaitwa naibu wa chifu, wakaja polisi wakaandika yao, wakaturuhusu. Mama mkwe aliingia ndani akatoka na picha ya eksirei ya mguu ule, ambayo alikuwa akiiweka chini ya godoro. Akaiinua juani. Owuor akakisafisha kile chuma akakiweka sambamba na picha. Urefu ule ule, na mwishoni tundu lile lile, kama la sindano ya gunia. Mama akatazama picha, akatazama chuma, akasema, "En owuon." Maana yake ni yeye mwenyewe.

Ulidhani mambo yaliishia hapo? Ndipo yalipoanza. Mzee Ogola alikataa katakata.

"Okelo tulishazika," akasema. "Kaburi ya mtu haifunguliwi. Hiyo ni chira, itamaliza hawa watoto." Chira ni balaa linalomfuata mtu aliyevunja mwiko, na hapa hakuna anayelifanyia mzaha, wala mimi. Mwingine akashauri mifupa ifukiwe pale pale ufukoni, kimya kimya, maneno yaishe. Owuor alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi ni mke wa mtu na tena mgeni, nilikuwa nimekaa na wanawake, nikaona jambo lile limeshindikana. Nikawaza kwamba ningelichimba ule mlio mara ya kwanza, wasingekuwa na la kubishania.

Mama mkwe alisimama bila kuruhusiwa. Hakupandisha sauti.

"Ogola, mimi sikatai yago. Yago ilishikia Okelo nafasi. Sasa mwenyewe amefika. Mnataka alale nje?"

Mzee Ogola aliomba maji ya kunywa, akanywa, akasema yago lisiguswe. Alichokubali ni hicho. Basi walichimba ubavuni mwa kaburi, shimo fupi tu, kina cha mkono mpaka kiwiko kupita kidogo, kwa kuogopa kulifikia tunda. Mbuzi alichinjwa, wazee wakasema ya kwao, mchungaji akaomba ya kwake, na Okelo akalazwa na chuma chake kando ya aliyemshikia nafasi. Mama mkwe hakulia hata siku hiyo. Nilianza kuogopa kwamba amekauka.

Kesho yake asubuhi alinikuta nafagia. "Leta hiyo kitu," akasema.

Nikaweka swichi ya kuchuja pale pa pete, nikapandisha usikivu mpaka mwisho, maana udongo wa bomani ni mkavu na hauna ubishi. Akataka hedifoni. Nikamvalisha juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikapitisha sahani juu ya ule udongo mpya. Mara ya kwanza akatikisa kichwa. Nikasogea kidogo, nikapitisha tena. Akafumba macho. Mashine hii, kama yako, ukiisimamisha hunyamaza hata kama kitu kiko chini yake. Kwa hivyo sikuweza kusimama. Nikaendelea kuipitisha huku na huku, pole pole, na Mama akakaa chini kwenye udongo akaanza kulia, kwa sauti, kama mtu aliyepewa habari wakati ule. Mkono ukaniingia ganzi, nikabadilisha mkono. Owuor alitoka nje akatuona, akarudi ndani.

Swali lako basi nalijibu hivi: weka pa pete, na kila mlio mwembamba uchimbe, hata ukiwa na haraka na hata ukijua ni karatasi. Zaidi ya hapo sina ujuzi.

Nisalimie Mama na umkande magoti kwa mafuta ya moto. Nisalimie Baba, umwambie mnazi hauna heshima na mvi. Msalimie shangazi Kache, na mjomba Ngala, yule mwenye duka, na mke wako ambaye picha yake hujanitumia mpaka leo. Watoto wanakuamkia. Mama mkwe naye amesema nikuandikie asante, ingawa hajui ni ya nini; amesikia tu kwamba una mashine.

Kama utapata mtu wa kuja upande huu, mpe betri za mashine, zile ndogo za mraba, nyingi kadiri utakavyoweza. Hapa hazipatikani kwa urahisi, na zangu siku hizi haziishii ufukoni. Kila Jumapili akitoka kanisani mama mkwe huniita kaburini, anakaa chini, anavaa hedifoni. Mlio umeanza kufifia. Ameniuliza kama ni Okelo anakwenda mbali. Nimemwambia ni betri.

Dada yako,
Kadzo