Jina Likiitwa Darasani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia huku Malindi, marahaba, mwanangu. Sisi tu wazima kiasi. Magoti yananisumbua, na huyu mwanao uliyeniachia ameanza kutambaa, basi sikai.

Umeniuliza ile shule ya serikali ya wanaorudi kusoma ikoje, na kama mtu aliyekwisha kuzaa hatachekwa. Nilikwenda kuitazama, nikarudi hoi kwa magoti haya. Wasichana wa Tezo wananyonyesha wakati wa mapumziko, na baba mzima wa Jilore amevaa sare, kakaa dawati la mbele. Hapana aliyemcheka mwenziwe.

Nami niliwahi kuingia darasa la watu wazima, mamako Rehema akiwa mgongoni. Siku ya kwanza mwalimu akaita, "Khadija Athmani!" Akarudia. Nikageuka nimtazame huyo mvivu wa kuitika. Jirani yangu akanifinya: "Mama Rehema, si wewe huyo?" Tangu nizae, mtaa mzima, hata babu yako, walikuwa wakiniita Mama Rehema tu. Nikasema, "Nipo," sauti ikanitoka ndogo kama ya mtoto.

Sikufika mbali na masomo; mambo ya nyumba yalinishinda. Lakini siku ile nilirudi nikijiita mwenyewe njia nzima.

Nimechoka, Zuhura, sikufichi. Hata hivyo mtoto niachie mimi. Wewe toka huko Nairobi, uje ukae darasani, na jina lako likiitwa, itika mara ya kwanza.

Ni mimi bibi yako,
Khadija Athmani